Maswali ya Wasomaji: Tuvae Nini Siku ya Kwenda Kuitazama Shule ya Bweni?

Tangu watoto wa darasa la saba walipomaliza mtihani wao mwezi Septemba, barua nyingi zinazotufikia kutoka Mwanza na visiwa vyake zinahusu jambo moja: mzazi ameitwa na shule ya bweni ili mtoto afanye usaili na yeye mwenyewe ayaone mazingira, naye hajui avae nini. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu maswali yaliyomo yanajirudia karibu katika zote.

Swali

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Nansio, Ukerewe. Binti yetu wa pili amemaliza darasa la saba, na shule moja binafsi ya wasichana iliyo nje kidogo ya Jiji la Mwanza imetuita sisi na mtoto. Tumeambiwa tuvae "mavazi ya heshima", basi. Nina gauni la kitenge nililoshonewa kwa ajili ya harusi ya wifi yangu, la mshono wa mkia wa samaki na mikono ya puto, na rafiki yangu anasema nikivaa kitu cha chini ya hapo wazazi wa mjini watanidharau. Mume wangu ananunua na kuanika dagaa, na nguo zake zote zina harufu hiyo. Amesema twende mimi na mtoto, yeye abaki, asije akamtia mtoto aibu. Mtoto mwenyewe ana sare yake ya shule ya msingi na nguo za nyumbani tu. Hela ya kununua nguo za watu watatu hatuna, kwa sababu tunakusanya ada ya muhula wa kwanza. Naomba unielekeze.
Mama wa Nansio

Jibu

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kumfikisha binti yenu hapo. Nianze na jibu lenyewe ili usiendelee kuhangaika: gauni la mkia wa samaki libaki sandukuni, wewe vaa kitenge cha kawaida chenye mshono mpana, pamoja na viatu visivyo na kisigino, mtoto avae sare yake ya shule ya msingi, na baba yake aje. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachogusa fedha ya ada. Sasa nieleze sababu, kwa kuwa nilikuwa matroni wa mabweni ya wasichana kwa miaka 17 na nimewapokea wazazi wengi getini, lakini kabla ya hapo nami nilikuwa mzazi mgeni, na nilikosea.

Siku nilipokwenda kuitazama shule ya mwanangu wa kwanza nilivaa viatu vipya vya mchuchumio na sketi iliyobana magotini. Shule ile, kama shule nyingi za huku kwetu, ilikuwa imejengwa mlimani katikati ya mawe makubwa, ofisi zikiwa juu kando ya barabara na mabweni yakiwa bondeni, na njia ya kushukia ilikuwa ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, zisizo na mahali pa kushika. Mwalimu aliyekuwa akitutembeza aliviangalia viatu vyangu, akaniambia kwa upole kwamba ningeweza kubaki ofisini nikanywa soda wakati wenzangu wakishuka. Nikabaki. Nikasoma matokeo ya mitihani yaliyobandikwa ukutani, nikalipa ada, nikarudi nyumbani nimeridhika. Juma la tano, siku ya kuwatembelea wanafunzi, nilikwenda na raba, nikashuka ngazi zile, nikakuta bafu lisilo na mlango, mabomba 6 ambayo 1 tu ndilo lililokuwa likitoa maji, na mwanangu ana mapunye kichwani. Wazazi walioshuka siku ile ya kwanza walikuwa wameyaona hayo na kuyahoji, na wawili kati yao walikuwa wameamua kuwapeleka watoto wao kwingine. Mimi nilikuwa nimevaa nguo iliyonizuia kuona.

Kwa hiyo kila ninapoulizwa kuhusu mavazi ya siku hii, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama nguo hiyo itamruhusu mzazi kushuka hadi bwenini, kuinama akachungulia chini ya kitanda, kuingia jikoni penye moshi na kufungua mlango wa choo bila kuogopa upindo wake kulowa. Gauni lako la harusi halitakuruhusu. Mkia wa samaki unafunga magoti, mikono ya puto inagusa kila ukuta, na mtu aliyevaa nguo anayoihurumia hukaa kwenye kiti alichopewa. Rafiki yako anakutakia mema, lakini katika miaka yangu yote ya kukaa na walimu baada ya wageni kuondoka, sikuwahi kusikia mtoto akipimwa kwa gauni la mama yake. Waliozungumzwa ni wazazi waliouliza maswali, na waliouliza sana walikuwa mara nyingi ndio waliovaa viatu vya kutembelea.

Maneno "mavazi ya heshima" yanawasumbua watu wengi kwa sababu hayaelezwi. Serikali ilitoa Waraka wa Utumishi wa Umma Namba 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wake, na pengine umewahi kuona katika ofisi za umma picha zilizobandikwa zikionesha mavazi yasiyofaa: nguo fupi, nguo zinazobana, nguo zinazoonesha maungo, kaptula, kandambili. Waraka ule unawahusu watumishi, lakini walinzi wa mageti wameuzoea kuwa kipimo cha wageni pia, na mzazi anayekataliwa kuingia hukataliwa karibu kila mara kwa moja ya mambo hayo. Nguo iliyovuka magoti hata ukikaa, iliyofunika mabega, isiyobana na isiyopitisha mwanga inatosha, iwe imenunuliwa dukani kwa bei kubwa au imetoka kwenye rundo la mitumba.

Usiku wa kuamkia safari, ivae nguo yako yote, ukae kwenye kigoda kisha uinuke bila kuivuta. Inama uokote kijiko sakafuni. Nyanyua mikono yote miwili kama mtu anayetua ndoo kichwani. Ukiona mkono wako unakwenda wenyewe kurekebisha upindo au shingo ya gauni, tafuta nguo nyingine, kwa kuwa utakuwa ukiirekebisha hivyo mbele ya mkuu wa shule badala ya kumsikiliza. Vitenge vyepesi vinavyouzwa siku hizi hupitisha mwanga, nawe hutalijua hilo ndani ya nyumba. Simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, mwombe binti yako akuangalie, na kama miguu inaonekana vaa gagulo ndani.

Safari yenu nayo ina madai yake. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri juu ya maji ni baridi hata katika miezi tunayoiita ya joto. Mkipanda meli asubuhi kutoka Nansio mtakaa kwenye upepo huo kwa saa kadhaa, na mkipitia kivuko cha Rugezi na Kisorya mtapata vumbi katika sehemu ya njia. Jifunge khanga moja kiunoni juu ya gauni, na nyingine uitupe mabegani au umfunike mtoto. Mkifika Mwanza mnazikung'uta, mnazikunja na kuzitia kwenye kikapu, na gauni lililo chini linakuwa safi kama lilivyotoka kwenye pasi. Viatu vya shuleni vibebeni kwenye mfuko wa kitambaa, msafiri na ndala, mbadilishe mkishuka, pamoja na kitambaa kidogo chenye unyevu cha kufutia miguu. Msivae nyeupe. Oktoba hadi Desemba ni miezi ya vuli, mawe ya milima yetu huteleza sana yakinyeshewa, na hivyo soli yenye meno ina faida kuliko soli nzuri iliyolika. Mwavuli mmoja unawatosha watatu wenu.

Sasa nije kwa baba, na hapa nakuomba umsomee mwenyewe.

Baba, njoo. Mwaka mmoja, nikiwa bado kazini, tulikuwa na usaili wa wasichana wapatao 60 katika bwalo la chakula, nami niliwekwa mlangoni kuwasimamia. Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha alikuwa akiandika mstari mmoja, anainua kichwa kutazama nje, anaandika tena, anatazama tena. Nilipomwendea nikafuata macho yake, nikaona mwanamume amesimama nje ya geti chini ya mwembe, amevaa koti la kazi, juani, wakati wazazi wengine walikuwa wamekaa ndani kivulini. Alikuwa baba yake. Alikuwa amekataa kuingia kwa ajili ya nguo zake. Nilikwenda nikamchukua, nikamketisha pamoja na wenzake, na yule mtoto alipomwona ameketi hakuinua tena kichwa mpaka kengele ilipolia. Mtoto hupata aibu kubwa zaidi anapomwona baba yake amejitenga, na ile harufu ya dagaa ambayo wewe unaihofia, yeye amelelewa nayo na anajua kwamba ndiyo iliyomlipia madaftari.

Hata hivyo harufu hiyo inaondoka, nami nimeishi Kirumba, penye soko la samaki na dagaa, miaka mingi, kwa hiyo nasema ninachokijua. Inayonuka ni mafuta ya samaki yaliyoingia kwenye nyuzi za kitambaa, na maji ya baridi hayayatoi. Chagua shati moja na suruali moja ya kitambaa ambazo baba hatazigusa tena kwa kazi. Ziloweke usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga na ndimu mbili au tatu zilizokamuliwa, zifue asubuhi, ziloweke tena katika maji mapya ya namna hiyo hiyo kwa saa moja, zifue mara ya pili na uzisuuze mpaka maji yawe meupe. Watu wengi hukosea hapa mwishoni, kwa sababu huanika nguo upande ule ule wa vichanja vya dagaa, au huitundika iliyokwisha kukauka katika chumba chenye magunia, na harufu inarudi usiku huo huo. Anika juani kwa jirani asiyefanya biashara ya samaki na umwombe akuhifadhie mpaka siku ya safari. Ukitumia pasi ya mkaa, ipepee nje kwanza majivu yatoke, futa uso wake kwa kitambaa chenye unyevu, na suruali nyeusi ipige kwa ndani ili ising'ae magotini. Mkanda, viatu vya kufunika vidole vilivyopakwa rangi hata kama ni vya zamani, ndevu na kucha zilizokatwa, na hapo baba amevaa. Tai si lazima. Koti la suti la kuazima lisilomkaa mabegani litamfanya ajisikie mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe, na nisingemshauri.

Mtoto avae sare yake ya shule ya msingi, shati jeupe na sketi ya buluu, kwa fahari. Shule zinazowaita watoto kwa usaili zinawatarajia wavae hivyo, na sare ina faida kwamba amekwisha kuizoea: atakaa nayo kwa saa mbili au tatu akifanya karatasi za Hisabati na Kiingereza, na hapo si mahali pa kujaribu gauni jipya linalochoma kwenye mshono wa kwapa. Vifungo viwe vyote. Kilichopotea kishonwe kingine hata kama hakifanani sana. Sweta awe nalo mkononi. Viatu vyake vya shule visafishwe jana yake, kwa maana vikipakwa rangi alfajiri vitachafua soksi. Nywele ziwe fupi au zimesukwa twende kilioni, bila rasta za kuongeza, kwa kuwa shule nyingi za bweni huwataka wasichana wanyoe na hakuna sababu ya kulipia msuko utakaofumuliwa. Na kwa sababu ana umri wa miaka kama 13, mwekee kwenye kikapu taulo ya kike moja na nguo ya ndani ya akiba, umwambie zipo, hata kama hajaanza. Nimeona watoto wawili wakipatwa na siku zao za kwanza katikati ya usaili, na aliyekuwa na mama aliyejiandaa alirudi kwenye karatasi yake baada ya dakika 10.

Usinunue sare ya shule hiyo mpya kabla ya kupata barua ya kukubaliwa. Shule nyingi binafsi huuza sare zenyewe, kwa rangi na mshono wao, na hazikubali za kushonwa nje. Gharama yake iulizeni siku hiyo hiyo, iandikeni, kwa kuwa mara nyingi haimo katika kiasi cha ada kilichotajwa kwenye tangazo.

Jambo moja zaidi, na kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote ya nguo zenu. Mkiwa mnatembezwa, yatazameni mavazi ya wanafunzi waliopo. Tazama kola za mashati yao. Kola iliyoingia weusi kwa wanafunzi wawili watatu ni uvivu wa watoto. Kola nyeusi kwa darasa zima ni maji yasiyofika, na huhitaji kumuuliza mtu. Tazama kamba za kuanikia ziko wapi, kama zinapata jua, na kama nguo za ndani zina mahali pa kuanikwa penye stara, kwa sababu pasipokuwapo wasichana huzianika chini ya vitanda zikakaa na unyevu na kuwaletea muwasho. Tazama visigino vya viatu. Tazama kama wenye masweta yaliyotoboka wanacheka na wenzao au wamekaa peke yao. Kisha muulize matroni, si mkuu wa shule, siku za kufua ni ngapi kwa juma na kila mtoto hupata ndoo ngapi. Matroni mwenye maji hujibu kwa idadi.

Swali

Assalamu alaikum. Mimi ni mfanyabiashara wa Igoma, Mwislamu. Shule tuliyoipenda kwa ajili ya binti yetu, kwa matokeo na kwa nidhamu, inaendeshwa na kanisa. Siku za shughuli rasmi mimi huvaa kanzu na kofia, na binti yangu amevaa hijabu tangu akiwa darasa la tatu. Ndugu yangu ananishauri nivae suti na binti aende kichwa wazi siku hiyo ili tusije tukakataliwa. Nifanyeje?
Baba wa Igoma

Jibu

Waalaikumu salamu. Vaa kanzu yako na kofia yako. Kanzu ni vazi la heshima kwa kipimo chochote kinachotumika katika nchi hii, na kofia yake haivuliwi ofisini kama inavyovuliwa kofia ya jua. Uangalifu unaohitajika ni ule ule nilioueleza juu: upindo usiburuze kwenye ngazi, na kama ni nyeupe chukua ya pili, maana vumbi la barabara za Mwanza halina huruma na nyeupe. Makubazi ya ngozi yaliyo safi yanakubalika, ingawa kwa mahali penye mawe ningependa viatu vya kufunika.

Kuhusu binti, simuungi mkono ndugu yako, ingawa naamini nia yake ni njema. Mtoto akivuliwa hijabu kwa siku moja ili apokelewe, shule itakuwa imempokea mtoto mwingine, na ninyi hamtakuwa mmejua jambo mlilokwenda kulijua. Aende kama anavyovaa kila siku: mtandio wa rangi moja, uliobanwa vizuri chini ya kidevu ili usimwangukie usoni akiandika, wa kitambaa cha pamba kwa sababu bwalo lenye watoto wengi huwa na joto. Angalieni anavyopokelewa na walimu, na pia na wasichana wenyewe.

Lakini swali la siku hiyo moja ni dogo kuliko swali la miaka minne itakayofuata, na hilo liulizwe kabla hamjalipa chochote. Katika shule za serikali wasichana wa Kiislamu huruhusiwa kuvaa hijabu pamoja na sare. Shule binafsi zina kanuni zao: zipo za kanisa zinazoruhusu mtandio wa rangi ya sare, zipo zinazouruhusu bwenini na wakati wa swala tu, na zipo zisizouruhusu kabisa. Mwombe mkuu wa shule akuoneshe kanuni hiyo katika fomu ya maelekezo ya kujiunga, iliyoandikwa, kwa sababu jibu la mdomo la mtu anayetaka kuwapata wanafunzi mwezi Novemba linaweza kuwa si lile atakalolikuta mtoto mwezi Januari mbele ya mwalimu wa zamu. Uliza pia kuhusu mavazi ya michezo, kama anaweza kuvaa suruali ya traksuti badala ya kaptula, na kuhusu nguo za Jumapili. Kisha mkae na binti mwenyewe, yeye ndiye atakayeamka nayo kila asubuhi, mmsikilize. Ikiwa jibu la shule halimtoshi, zipo shule za bweni za taasisi za Kiislamu humu humu Mwanza, na mtakuwa bado na ada yenu mkononi.

Swali

Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, fundi pikipiki, naishi Buswelu. Wazazi wetu walifariki, nami ndiye ninayemlea mdogo wangu wa kiume. Ameitwa usaili katika shule ya bweni upande wa Sengerema. Nina nywele za rasta, na suruali zangu zote ni jinzi. Naogopa kwamba wakiniona hawatanichukulia kuwa mlezi.
Kaka Mlezi

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kazi unayoifanya ni ya baba na mama kwa pamoja, na ninatamani uingie katika geti lile ukijua hivyo.

Rasta usizikate kwa ajili ya siku moja. Zioshe siku mbili kabla, zifunge kwa nyuma kwa kamba nyeusi, zisianguke usoni. Jinzi ndizo zinazokuponza zaidi, kwa kuwa nazo ni miongoni mwa mambo ambayo mlinzi amezoea kuyakataa. Nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi mapema siku ya kufungua marobota, utafute suruali moja ya kitambaa ya rangi nyeusi au ya buluu iliyokolea na shati moja la mikono mirefu. Kabla ya kulipa, geuza suruali nje ndani uangalie mshono wa makalio na wa katikati ya mapaja, maana huko ndiko mitumba huanza kuchanika. Vuta zipu mara tatu. Shati linuse kwapani. Suruali ifue kwanza ndipo uipeleke kwa fundi cherehani aipunguze, kwa sababu zipo zinazonywea. Grisi ya kucha na ya vidole isugue kwa sukari na sabuni ya maji usiku uliotangulia. Usivae cheni wala miwani ya jua ndani ya ofisi.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, hamna tena foleni ya kivuko upande huo, na kilomita zake 3 mnazivuka ndani ya gari. Nakuomba basi msiende kwa pikipiki yako ingawa unaiweza: mtafika na vumbi, na mdogo wako atakaa kwenye usaili mikono ikimtetemeka kwa upepo. Pandeni basi. Vaa shati la kawaida njiani, lile jipya likunje kwenye gazeti ulibadilishe stendi.

Kitakachokufanya uchukuliwe kuwa mlezi, pamoja na nguo, ni karatasi. Beba kitambulisho chako cha taifa, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako, vyeti vya vifo vya wazazi na barua ya mtendaji wa mtaa inayosema kwamba unamlea, vyote katika bahasha moja ngumu isiyokunjika. Jitambulishe kwanza wewe, kabla hawajauliza, kisha mtambulishe yeye.

Mdogo wako avae sare ya shule ya msingi, kama nilivyomweleza Mama wa Nansio. Ikiwa kaptula imekuwa fupi mno, mpelekee fundi yule yule anayepunguza suruali yako, amwambie mdogo wako asimame wima bila viatu, na ateremshe upindo wa ndani. Kaptula za shule karibu zote zina vidole viwili vya kitambaa vilivyokunjwa humo. Alama ya mkunjo wa zamani hutoka ikipigwa pasi juu ya kitambaa kilicholowa.